Sponji wa Mwisho

"Wifi, hili dude lako linanuka!" Zuwena alisema, pua kaiziba kwa mtandio.

"Ndiye sponji mama huyo, mnyama wa bahari, yu hai bado," Mwanahawa akajibu, akilifunika beseni la maji ya bahari. "Sponji wangu wengine wote wamekufa kwa joto. Kesho namkata vipande, nivifunge kwenye kamba baharini, vikue. Usimguse. Ndani yake mna vijidudu wanaomlisha."

"Vijidudu wanamlisha! Basi na kunguni wa kwenu wanipikie."

Mwanahawa alipokwenda uani kusuka kamba, Zuwena alifunua beseni, akamimina dawa ya kutolea madoa, akasugua kwa brashi kama anayesugua sufuria ya watu wasiojua kuosha vyombo. Maji yakageuka kahawia. Sponji akatoka mweupe pe, hana hata harufu.

"Njoo uone usafi!" aliita, akingoja shukrani.

Mwanahawa alimtazama sponji, kisha akamtazama wifi yake, kichwani hadi viatuni. Akamkamua yule sponji, akamtia Zuwena mkononi.

"Haya, kaogee."

Akajitwika kamba zake tupu, akateremka nazo baharini. Zuwena alibaki mlangoni, maji yakimchuruzika kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.