Homa Haimo Kwenye Mgao

Mama alipotimiza miaka hamsini, madaktari waliliondoa tabaka la nje la tezi zake mbili zilizo juu ya figo, kama sheria inavyotaka kwa kila afikaye umri huo, wakampa mgao wa vidonge vitatu kila asubuhi. Kimoja hushikilia chumvi mwilini. Cha pili huupa mwili nguvu ya kustahimili. Cha tatu kina homoni kidogo za jinsia. Mama hukiita cha urembo.

Zile tezi zilijua kuongeza ile homoni ya nguvu siku ya homa, maana mwili ukiikosa siku hiyo huweza kufa. Vidonge havijui.

Jumanne Mama aliamka na homa ya malaria. Nikampigia simu muuguzi wa mtaa anayegawa vidonge.

“Dada, naomba vile vya nguvu, viwili tu vya ziada.”

“Mdogo wangu, homa haimo kwenye mgao. Mpe maji.”

Nikampikia uji, nikatia vijiko vitatu vya chumvi, maana mwili wake ulikuwa ukiipoteza. Akaumaliza wote.

“Lo, Sikitu! Leo ndiyo umejua kupika.”

Alipojaribu kusimama, magoti yalimwishia nguvu. Nikamrudisha kitandani. Mikono yake ilikuwa baridi.

“Usilie, mwanangu. Kesho asubuhi si nitapata vingine?”

Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa saa nne tu, asubuhi ya Jumanne ileile.