Narekebisha

Mkono wa kushoto wa Ardith ulikufa saa tatu kamili asubuhi. Mguu nao. Kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda ilisema hivyohivyo: Bibi Mullins, upande wa kushoto hauna nguvu.

Hodi ikapigwa mara mbili.

"Habari za asubuhi, Bibi Mullins. Naitwa Raelynn. Mimi ndiye muuguzi msaidizi wako leo."

Alijitambulisha kama mgeni, na Ardith alikuwa amemjua maisha yake yote. Alijua hata anavyotafuna kola ya shati akiogopa. Sasa hivi kola ilikuwa imelowa.

"Leo nakutoa kitandani nikukalishe kwenye kiti cha magurudumu. Sawa, Bibi?" Kisha akainama kama anayenyoosha shuka, akanong'ona: "Na usinichekeshe, nakuomba. Hizo biskuti za mkate na mchuzi wa soseji unazofakamia kila asubuhi zitanivunja mgongo leo."

"Mtahiniwa, zungumza yanayohusu kazi," Bi Stallard, msimamizi wa mtihani, akasema kutoka kwenye kona. Mkononi alikuwa na orodha ya majina, shingoni saa ya kuhesabia muda. "Endelea."

Ardith naye alikuwa amekwisha kuonywa. Neno moja la kumsaidia mtahiniwa, kumkonyeza, hata kukohoa kwa makusudi, na mtihani unafia hapo hapo.

Hii ilikuwa mara ya tatu ya Raelynn, na jimbo halitoi ya nne mpaka urudie darasa zima. Darasa lenyewe ni la sekondari, na sekondari inakwisha Ijumaa ijayo. Akipita, mwaka wote wa kutandika vitanda na kupima mapigo ya moyo unahesabiwa chuoni: krediti sita mkononi, na nafasi katika kozi ya uuguzi ng'ambo ya mlima mwezi Agosti. Akianguka, ni kaunta ya kituo cha mafuta, pale mama yake aliposimama miaka kumi na tisa.

"Agosti nakupitia na gari kila asubuhi," alimwambia Ardith jana. "Ng'o! Sikuachi peke yako bondeni humu."

Ardith angekubali kukatwa mkono ili iwe hivyo.

Raelynn alinawa kwa sekunde ishirini, midomo ikihesabu. Akavuta pazia. Akashusha kitanda, akafunga magurudumu yake. Akamwinua Ardith akae ukingoni, akamvisha viatu vya raba. Akakisogeza kiti upande wa kulia, upande wenye nguvu, akaisukuma breki ya kwanza.

Klak.

Ndipo mkanda wa kumshikilia mgonjwa ulipomponyoka begani ukaangukia kitandani. Akaushika, akauzungusha kiunoni mwa Ardith, akaukaza, akapitisha vidole viwili kuhakikisha haubani. Kila kitu sawasawa, kama kilivyofundishwa.

Ardith alisubiri klak ya pili. Haikuja. Breki ya pili ilikuwa wazi, shubiri moja kutoka kwenye goti lake.

Kanuni za mtihani ule zina huruma moja tu. Ukikosea, kabla mgonjwa hajainuka sema "narekebisha", urekebishe, na hakuna atakayekuhesabia. Darasani kwa kina Raelynn neno hilo lilikuwa limegeuka utani. Mtu akimwaga maziwa kantini: narekebisha. Akiachwa na mpenzi: narekebisha, jamani, narekebisha.

Ardith alikitazama kiti. Akamtazama Raelynn. Akakitazama kiti tena, kwa macho yasiyoonyesha kitu, maana Bi Stallard naye alikuwa anayatazama macho hayo. Raelynn alikuwa anatazama kifungo cha mkanda.

Sema, Ardith aliomba moyoni. Neno moja tu. Wewe unayelisema hata ukichoma mkate.

"Nikifika tatu tunasimama, Bibi. Mkono wa kulia shika hapa."

Ardith akashika. Kwenye kona, kalamu ya Bi Stallard iliandika kitu kifupi, ikasimama.

"Moja."

Gurudumu lililo wazi likazunguka upana wa kidole.

"Mbili."

Mkono wa kushoto, uliokufa tangu saa tatu, ukafufuka. Ukateleza kutoka mapajani, ukaikuta breki, ukaisukuma.

Klak.

"Narekeb—"

Raelynn ndiye aliyesema. Alikuwa ameacha kuhesabu, macho yake kwenye gurudumu lilelile, mkono wake umekwisha kuanza safari ya kwenda chini. Ukabaki hewani, karibu kabisa na mkono wa Ardith.

Bi Stallard akaisimamisha saa.

"Ulikuwa umeiona?" Ardith akauliza.

Raelynn akaitikia kwa kichwa. Kola ilikuwa imerudi mdomoni.

Kwenye orodha, kalamu ikachora mstari juu ya jina la kwanza. Kisha ikashuka, ikachora mwingine juu ya jina la pili.

"Vua hilo gauni la mgonjwa, Ardith," Bi Stallard akasema. "Zamu yako ya kutahiniwa saa nne nimeifuta pia. Basi la shule yenu bado liko nje. Panda na mwenzako."