Posa ya Kwenye Kompyuta

"Shoga, ni kweli mwanao ameposwa ndani ya kompyuta?" jirani alimuuliza Bi Zuwena wakianika nguo darini.

Baada ya sala ya alasiri Bi Zuwena alivaa buibui lake, akaenda mpaka duka la kompyuta kule Bondeni. Alimkuta bintiye amekodolea kioo macho.

"Mama! Wataka nini huku?"

"Nimekuja kumjua mkwe."

Msichana alitazama chini. "Ni Mwislamu, mama. Yuko Nairobi. Ameniambia Ijumaa nipande basi nimfuate, anioe."

Bi Zuwena hakuipandisha sauti. "Ndoa ina walii, mwanangu. Baba yako amekufa, amu yako, nduguye, yu hai. Huyo bwana kampigia hodi nani?"



Bi Zuwena akavuta kiti, akakaa. "Haya, mwandikie. Assalamu alaikum, mimi ni mamake msichana uliyemposa. Kwenu ni wapi, na wewe ni mwana wa nani?"

Msichana alibetua midomo, akaandika. Ncha za vidole vyake zilikuwa na hina mpya, nyekundu, ile ya bibi harusi. Bi Zuwena hakujua ni nani aliyemtia.

Walingoja. Mara maneno yakatokea kwenye kioo.

"Nisomee."

Msichana alisoma: "Wewe ni mama wa yupi kati yao?"

Msichana alisimama, akajitanda mtandio, akatoka.