Majani ya Mchungwa

Kila asubuhi Mashavu alifagia majani ya mchungwa wake na kuyachoma, uwanja ukabaki safi. Mti ulipoacha kuzaa, aliwaambia wenzake kisimani kwamba jirani yake, Bi Rehani, ameutupia jicho la husuda.

Leo Bi Rehani aliingia uwanjani na kikapu cha mboji nyeusi, akaimwaga shinani.

“Haya ni majani ya michungwa yangu, yameoza,” alisema. “Mti hula ulichokiangusha wenyewe, mwanangu. Wewe chakula chake umekuwa ukikichoma.”

Mashavu aliinamisha uso. “Bibi, yale niliyosema kisimani…”

“Niliyasikia siku ileile. Lete maji, mboji isikauke.”

Jani moja lilidondoka miguuni pake. Mashavu alisimama na ufagio mkononi, asijue auweke wapi.