Mchezo wa Nanok

Siku ya tatu ya mafunzo ya kutibu watoto kwa michezo, saa nne asubuhi, Mwalimu Esekon, mwanamume ambaye mizani ya zahanati ilishamkatalia mara mbili, aligeuka kuwa msichana wa miaka saba. Alivua viatu, akakaa sakafuni, akakunja miguu yake mirefu kama ngamia anayepigishwa magoti apakiwe mizigo, akasema kwa sauti nyembamba, "Mimi ni Nanok."

Wanafunzi wenzake, watu wazima kumi na wanne waliokuwa wakicheka tangu chai, waliacha kucheka.

Ni nani Isiolo asiyemjua Nanok? Ni binti wa Lodio, ndugu yake Esekon. Lodio alitoka nyumbani Ngaremara miaka miwili iliyopita kupeleka mbuzi mmoja sokoni, mtoto nyuma yake. Jioni mbuzi alirudi. Mtoto alirudi akimfuata mbuzi. Lodio hakurudi. Wengine walisema ni wezi wa mifugo, wengine wakasema simba, na mzee mmoja aliapa kwamba alimwona Moyale akiuza simu. Nanok, aliyekuwepo, hajatamka neno hadi leo.

Mbele ya Esekon, ng'ambo ya sanduku la mchanga, aliketi Sista Hibo, muuguzi. Kura ndiyo iliyowakutanisha: Esekon awe mtoto, yeye awe mtaalamu. Hibo alikuwa ameomba abadilishiwe.

"Madam, nipe Abduba," alimwambia mkufunzi. "Huyu mwalimu ana msiba wake. Tutamtonesha kidonda."

"Walaal, dada yangu, kazi yenyewe si ndiyo hiyo?" Madam Deeqa alimjibu. "Ukiogopa vidonda, rudi kwa sindano zako."

"Na mimi nilijizoeza kulia usiku kucha," Abduba, afisa wa watoto, akalalamika. "Bibi yangu alidhani nimefiwa."

Hibo hakutumwa na mtu kwenye mafunzo haya. Alijiandikisha mwenyewe, akayatolea likizo yake. Wiki ile Lodio alipopotea, yeye ndiye aliyefika bomani wa kwanza na sukari na majani ya chai, na tangu hapo hajakosa mwezi hata mmoja kwenda kumuuliza mama mtoto kama mtoto amesema lolote. Sasa Madam Deeqa alikuwa ametangaza kwamba mafunzo yakiisha atachagua mmoja wao wa kucheza na Nanok kila Jumamosi, mpaka mtoto afunguke. Hibo alitaka awe yeye.

"Tunakumbushana," Deeqa alisema. "Usiulize. Usifundishe. Usimtangulie mtoto. Yeye anacheza, wewe unasema unachokiona, basi. Sauti yako iende na mikono yake."

Esekon alipekua katoni ya vifaa. Aliwapita simba, akawapita askari wa plastiki. Alichukua gari jeupe, mtu mmoja, mbuzi mmoja, na kijiwe cheusi.

"Nyumbani yeye hutumia gunzi na mawe," alisema, sasa kwa sauti yake nzito. "Miaka miwili nimekaa nikimtazama. Anacheza mchezo mmoja tu, na hajawahi kuumaliza."

"Usitueleze, Mwalimu. Cheza."

Kidole chake kikachora barabara mchangani. Barabara ikapiga kona, na baada ya kona akachomeka mti, upande wa kushoto.

Hibo aliutazama ule mti. Mtu mzima huyu, aliwaza, anaujua mchezo huu vizuri mno.

"Naona barabara," alisema, na sauti ikamkatika. "Naona kona. Naona mti."

Esekon alimsimamisha mtu karibu na mbuzi, kisha akalisukuma gari. Hakuliigizia mlio kama watoto wanavyofanya. Alilisukuma polepole, kimya, mpaka likamgusa mtu, na mtu akaanguka. Mbuzi akatolewa nje ya sanduku.

"Subhanallah," mtu akanong'ona huko nyuma.

"Naona gari limemgonga mtu. Ameanguka."

"Vizuri," Deeqa alisema taratibu. "Usimwangalie usoni. Macho kwa mchanga. Endelea."

Kijiwe cheusi kikashuka kando ya gari.

"Naona mwenye gari ameshuka."

Kijiwe kikasogea, kikasogea, kikamgusa mtu.

"Naona anamwinamia. Anamshika mkono, anatafuta mshipa." Sauti ya Hibo ilikuwa imeacha kutetemeka. Ilikuwa imepata mwendo wake, laini, bila haraka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ilikuwa sauti ya mtaalamu hasa. "Mshipa haupigi. Anaangalia mbele, anaangalia nyuma. Hakuna gari. Anamkamata kwapani, anamvuta, anampitisha nyuma ya mti mpaka chini kwenye laga, ule mto mkavu. Ni mzito, anapumzika mara mbili. Mchanga wa laga ni laini, kuchimba hakuchukui muda. Juu anaweka mawe, makubwa kwanza, fisi wasifukue."

Alingoja Madam Deeqa aseme "Vizuri."

Hibo akainua macho.

Mikono ya Esekon, yote miwili, ilikuwa imetulia juu ya magoti yake. Ndani ya sanduku kijiwe cheusi kilikuwa bado kimemwegemea yule mtu, na yule mtu alikuwa amelala pale pale, katikati ya barabara.