Sauti ya Kumpelekea Baba

Siwatu hakuwahi kuunda programu maishani mwake, na kompyuta ilikuwa imemgomea tangu asubuhi. Programu yenyewe ilikuwa huria, ya mtu kujiundia kutokana na msimbo uliotolewa bure, na kazi yake ni kumsomea asiyeona maandishi ya kwenye skrini. Baba yake, aliyepofuka, aliisubiri kijijini kusikofika mtandao, kwa hiyo maktaba zote inazozitegemea, yaani mafaili ya msimbo yanayoisaidia kutamka, ilibidi zijengewe humo humo ndani yake.

Binamu yake Shomvi alisimama mlangoni, begi begani. "Da Siwatu, gari halitanisubiri!"

"Hebu tulia!" Akabonyeza. Safari hii hakuna kosa lililojitokeza. Spika ikatamka, "Karibu."

Shomvi akanyoosha mkono. "Si imesema hiyo? Lete flashi."

Siwatu aliichomoa flashi yenye programu, kisha moyo ukasita. Je, kama imeazima sauti kwenye maktaba zilizokuwamo tayari kwenye kompyuta yake? Kwa baba ingekuwa bubu.

Akaichomeka tena, akazifuta maktaba zile kwenye kompyuta yake, asibakishe hata moja. Nje honi ikalia. Shomvi akaguna, lakini akatua begi.

Siwatu akabonyeza, akafumba macho kama baba yake, akatega sikio.