Darasa la Chumbani

Tangu kila nyumba yenye mgonjwa ifanywe darasa la udaktari, Nyamizi alishazoea kuwapokea wanafunzi. Asubuhi hiyo walikuja sita, wakakizunguka kitanda cha mumewe, Kasanda, aliyejaa maji kifuani. Mwalimu aliwasimamia kupitia kioo cha ukutani kilichoonyesha uso wake, maana alifundisha nyumba arobaini kwa wakati mmoja.

Msichana aliyeshika sindano alimgeukia Nyamizi.

"Mama, sijawahi," alinong'ona.

"Mhudumie kama baba yako," alisema Nyamizi, akamkumbatia mumewe asisogee.

Sindano ilikosea mara mbili. Kasanda aliuma shuka. Mara ya tatu maji ya manjano yakaanza kutiririka kwenye chupa, naye akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta kwa siku nne.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Sasa funga."

"Lakini mwalimu, maji bado ni mengi."

"Yaache. Wenzako watano hawajajaribu kumdunga."

Msichana alimtazama Nyamizi, mkono ukiwa bado kwenye mpira wa kutolea maji. Nyamizi akaitoa khanga mabegani, akakifunika kile kioo.

"Endelea, mwanangu."

Maji yakaendelea kutoka. Nyuma ya khanga, sauti ya mwalimu ikaanza kuwaripotia wakuu wake, kwa upole, jina la Kasanda na namba ya nyumba iliyokaidi.